Ufunguo wa Pembe Tano

Mtambo wa Bwana Mrisho ulinyamaza siku ya Jumatatu, mwezi kumi na sita Rajabu, baada ya sala ya adhuhuri. Ausi alikuwa kisimani akiteka maji ya kuutilia. Aliusikia ukivuta pumzi mara mbili tatu kama mtu mwenye pumu, halafu kimya. Akaacha ndoo na kamba vyote huko huko akakimbia. Alikuta moto unawaka vizuri, ila bomba la kuingizia maji limegoma, na birika kubwa la chuma linaanza kutetemeka. Akazivuta kuni kwa mikono yake, akaungua vidole, akafungulia mvuke ukatoka kwa mlio uliowarusha kuku wa mtaa mzima. Ndipo akakaa chini. Hakukaa sana. Akainuka, akauzunguka mtambo, akakaa tena, akainuka.

Zama hizo alikuwa akitawala Sayyid Barghash, na pale Bagamoyo ufuta ulikuwa ukija kwa mizigo kutoka mashambani. Kuukamua ilikuwa kazi ya ngamia: hufungwa kitambaa machoni, akazunguka na kinu kutwa, mafuta yakachuruzika. Ngamia wa Bwana Mrisho alipokufa, bwana huyu hakutaka mwingine. Alivuka akaenda Unguja, akarudi na mtambo wa moshi uliokwisha tumika, na fundi wa Kigoa wa kuuendesha. Watu walikuja kuutazama tangu Vigwaza. Wakaupa jina Ngamia, nalo likashika. "Ngamia wa Mrisho hali majani," walisema, "anakula kuni na kunywa kisima kizima."

Ausi alikuwa mtumwa wa Bwana Mrisho, mzalia, mama yake naye alizikwa akiwa wa nyumba ile ile. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini na mitano, mwembamba, mwenye miguu isiyotulia. Hata akizungumza na mtu huhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, utadhani anakanyaga siafu. Yule fundi alimfundisha kuwasha, kutia mafuta, kupima maji na kuzima. Kufungua hakumfundisha. Kila alipotaka kufungua kitu alisema, "Ausi, nenda kaniletee maji," na Ausi akirudi na maji hukuta kazi imekwisha na sanduku la vyombo limefungwa. Kisha fundi akashikwa na homa isiyomwacha, akaaga akarudi kwao, na sanduku lake akaondoka nalo. Lilikuwa lake, hakuna wa kumlaumu.

Bwana Mrisho alifika alasiri, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Ngamia ana nini?"

"Bomba limeziba, bwana. Maji hayaingii."

"Lizibue."

"Lina kizibo, bwana, cha shaba, kimezama ndani. Kinataka ufunguo wake. Na ufunguo umo sandukuni mwa fundi."

"Na sanduku?"

"Limekwenda naye."

Bwana Mrisho hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Ausi siku zote. Alihesabu tasbihi yake punje kadhaa, akasema, "Kesho nakwenda Pangani. Shaabani ikiandama nitarudi. Nikikuta unazunguka, vyema. Nikikuta umekaa hivi, chuma nitampa anayekitaka, na wewe utakwenda Pangani kukata miwa. Hapa sina kazi nyingine ya kukupa."

Akaenda zake kusali.

Miwa ya Pangani ilijulikana. Waliopelekwa huko walirudi wachache, na waliorudi walirudi na mikono kama magome. Lakini Ausi hakuwaza miwa. Alimwaza Mwaija. Mwaija alikuwa mkewe mwaka wa sita, mwungwana, binti wa watu wa Fukayosi, mfinyanzi wa vyungu. Waliozwa kwa idhini ya Bwana Mrisho, wakakaa katika kibanda cha Mwaija pembeni mwa mji pamoja na mama yake, Bi Sikuzani, ambaye miguu yake ilikwisha kufa na hageuki ubavu bila ya kusaidiwa. Ausi akipelekwa Pangani Mwaija hawezi kumfuata. Atamwacha nani na mama? Na Pangani hakuna anayekuuliza lini unarudi.

Jioni ile Ausi alimweleza mkewe. Mwaija alikuwa akimlisha mama yake uji. Hakulia. Alisema tu, "Siku ngapi?"

"Kumi na tatu. Au kumi na nne, mwezi ukitimia."

"Mungu ni mkubwa. Kula."

Asubuhi yake Ausi alikuwa kwa Mohamedi mhunzi kabla hajafungua mlango. Mohamedi alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye ndevu zilizoungua ncha, fundi wa majembe na bunduki zilizokatika. Alifuatana naye mpaka kwenye mtambo, akapiga magoti, akachungulia. Kizibo kilikuwa kimelala ndani ya shimo kina cha kidole kizima, na katikati yake mna tundu. Tundu lenyewe lilikuwa na pembe tano.

"Tano!" Mohamedi alisema. "Nimeona nne, nimeona sita. Tano sijaona. Hawa waliotengeneza hawakutaka mtu mwingine afungue chao. Basi, Ausi, Mungu kakupa mkono wa vidole vitano, tia ufungue."

"Mohamedi, mimi sina mchezo leo."

"Najua. Ndiyo maana nacheza mimi."

Walijaribu chuma cha pembe nne. Kiliteleza, kikakwangua shaba. Mohamedi akakichomoa haraka. "Tukirudia hivi tutazila pembe zote, liwe tundu la duara, na hapo hata fundi mwenyewe akirudi na sanduku lake hatafungua. Patasi nayo siitii hapa, chuma hiki ni cha kumimina, kitapasuka kama sahani. Niletee umbo la tundu hili. Umbo kamili. Nami nitakufulia ufunguo."

Umbo! Ausi alijaribu kwanza kwa nta. Joto la mchana likailegeza, alipoivuta ikakatika, nusu ikabaki ndani, akashinda siku nzima akiikwangua kwa kijiti. Jumatano akawaza udongo.

Ufinyanzi kwao ni kazi ya wanawake. Mwanamume hafiki kwenye shimo la udongo, husemwa akifika vyungu vitapasuka, na akiuliza-uliza habari zake atachekwa mpaka sokoni. Kwa hiyo Ausi, aliyelala miaka sita chumba kimoja na vyungu vibichi, hakuwa amepata kuuliza lolote. Na hata siku ile, mkewe akiwa nyumbani mikono imejaa udongo, hakumwuliza. Alichota tope nyuma ya kinu, akalikanda, akapaka tundu mafuta ya ufuta, akashindilia tope kwa kidole na kulichomeka kijiti cha kushikia. Akauacha udongo ukauke pale pale.

Kuuacha ni kusema tu. Alikuwa akiugusa kila baada ya muda. Alipokwenda kuswali alirudi bila ya kukumbuka ameswali rakaa ngapi, akaswali tena. Ijumaa asubuhi aligusa kijiti, na kipande chote kikatoka chenyewe, hakikung'ang'ania hata kidogo, safi, pembe zote tano zimekaa. Akasema alhamdulillahi kwa sauti, akakishika kwa viganja viwili kama yai, akakimbilia kwa Mohamedi.

Mohamedi alifua Ijumaa baada ya sala, akafua Jumamosi. Ausi alivuta mivukuto.

"Pole pole na mivukuto, we bwana! Unataka kuniunguza na ndevu hizi zilizobaki?"

"Samahani."

"Na usinisimamie begani. Chuma kinaona haya."

Alifua, akapiga tupa, akapima kwa kile kipande cha udongo, akapiga tupa tena, pembe baada ya pembe. Jumapili mchana ufunguo ukatoka, una kipini cha kukingama cha kushika kwa mikono miwili. Ulikuwa mzuri. Wakaenda nao mtamboni, Ausi akautia tunduni kwa bismillahi.

Ukacheza ndani kama jino la mzee.

Alipouzungusha ukazunguka peke yake, na kizibo kikakaa pale pale. Akakaza kidogo, ukakwangua. Mohamedi akamshika mkono. "Acha! Acha, utaliharibu."

"Umekosea kupima."

"Mimi? Lete udongo wako. Huu hapa ufunguo, huu hapa udongo. Tazama mwenyewe, kuna tofauti ya unywele? Nimefua ulicholeta."

Na kweli vilikuwa sawasawa. Ausi hakuelewa. Alirudi nyumbani na ufunguo mkono mmoja na udongo mkono mwingine, akavitupa juu ya mkeka, akaanza kwenda na kurudi uani, kutoka mpapai mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mpapai. Bi Sikuzani kutoka kitandani akasema, "Mwaija, mwambie mumeo anaichimba nyumba."

Mwaija aliokota kile kipande cha udongo. Akakigeuza. "Hiki nini?"

"Tundu la kizibo. Umbo lake."

"Umefinyanga wewe?"

"Ndiyo. Cheka basi."

Hakucheka. "Ulikitoa tunduni kikiwa kibichi au kikavu?"

"Kikavu. Siku mbili. Kilitoka chenyewe, hata sikuvuta."

Hapo Mwaija akacheka, si kwa kumdhihaki, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Ausi, mume wangu. Kingetokaje chenyewe kama hakikupungua? Udongo ukikauka hunywea. Chungu nikitakacho cha pishi mbili hukifinyanga cha pishi mbili na zaidi, ndipo kikikauka kiwe cha mbili. Kila mwanamke anajua hilo."

Ausi alisimama. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatatu miguu yake kusimama. "Mbona hukuniambia?"

"Ulinificha! Nimekuona unakuja na kwenda, nikadhani ni mambo ya chuma. Ungeniuliza."

"Niliona haya."

"Haya," Mwaija alisema. "Afadhali uchekwe na mimi hapa au ukalilie Pangani?"

Siku zilizobaki zilikuwa saba, labda nane.

Mwaija alimweleza. Udongo mtupu hunywea sana. Ukichanganywa na vigae vya vyungu vilivyopasuka, vikatwangwa vikawa unga, haunywei ila kidogo mno. Ndivyo wafinyanzi wanavyofanya vyungu vikubwa visipasuke. Usiku haukuingia kabla hajatwanga vigae vya kutosha. Jumatatu asubuhi alimwomba jirani amwangalie mama yake, akajitanda kanga yake, akaenda mwenyewe kwenye kinu cha Bwana Mrisho, mahali ambapo wanawake hawaendi. Wapagazi wa ufuta wakamwona.

"Mwaija, umekuja kumpika Ngamia?"

"Nimekuja kumtia chungu mdomoni," akajibu, asigeuke.

Alikanda, akajaza tundu, akabonyeza pembe moja moja kwa kucha ya kidole cha mwisho. Akafunika kwa jani la mgomba lenye maji.

"Lifunue jua lipige," Ausi akasema.

"La. Likikimbizwa litapasuka. Likauke kivulini."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Mwaija, jua lenyewe hili, ukilifunua kesho—"

"Alhamisi, Ausi."

Sijui kama yupo aliyepata kuziona siku tatu ndefu kama zile. Hakuna cha kufanya mtamboni, na Ausi hakuweza kukaa bila ya kufanya. Alisugua chuma kilichokwisha sugulika. Aliteka maji ambayo hayana pa kwenda. Alikwenda kwa Mohamedi mara nne kwa siku kuuliza kama ana makaa, mpaka Mohamedi akatundika gunia mlangoni ili asimwone akija. Mara mbili alinyoosha mkono kulifunua lile jani, na mara mbili aliurudisha mkono akasema astaghfirullah, kana kwamba anataka kuiba.

Alhamisi Mwaija alikuja akalifunua. Safari hii umbo halikutoka lenyewe. Alilivuta kwa kulitikisa taratibu, kushoto, kulia, midomo yake ikisoma, likatoka likilalamika. Likapelekwa kwa Mohamedi limelala kwenye pamba. Lakini ilikuwa mkesha wa Miraji, na Mohamedi alikuwa akivaa kanzu yake kwenda msikitini kusoma.

"Baada ya Miraji," alisema.

"Mohamedi, kwa Mungu—"

"Ndiko ninakokwenda, kwa Mungu. Twende wote, ukamwombe mwenyewe."

Ausi alikwenda. Wenziwe waliokaa karibu naye walisema usiku ule alibadili namna ya kukaa mara mia.

Ijumaa baada ya sala wakaanza, na Jumamosi Mohamedi akachukua fuawe ndogo na tupa zake akahamia mtamboni kabisa. Aliufua ufunguo mnene kuliko udongo kwa unene wa ukucha, kwa shauri la Mwaija, kwa kuwa ile kidogo iliyonywea lazima irudishiwe. Kisha akaupunguza pale pale: anautia, hauingii, anapiga tupa mara mbili, anautia, unaingia nusu. Jasho lilimdondoka kwenye tundu. Ausi alisimama kwa mguu mmoja. Adhuhuri ilipokaribia ufunguo ukaingia mpaka mwisho, ukashikwa.

"Hebu," Mohamedi alisema. "Wewe. Siyo mimi."

Ausi akakamata kipini kwa mikono miwili. Akasukuma. Akasukuma tena, mishipa ikamtoka shingoni. Kikasikika kitu kama kidole kinavyolia kikinyongwa, na kizibo kikasogea.

Ndani mlikuwa na jiwe. Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi, na chumvi ilijijenga ndani ya bomba, gamba juu ya gamba, mpaka mlango wake mdogo ukashindwa kuinuka. Ausi alikwangua, akaosha kwa maji ya mvua, akarudisha kizibo, akakaza. Alasiri Ngamia akaanza kuvuta pumzi, na wanawake wa mtaani wakapiga vigelegele. Mohamedi akaufunga ufunguo kwenye kitambaa akamkabidhi Ausi. "Huu ni wako. Pwani yote hii hakuna mwingine. Sasa wewe ni fundi, na fundi haondolewi ovyo."

Mwezi uliandama, na siku ya pili Bwana Mrisho akafika, amefuatana na mpwa wake, Hija, kijana wa nguo safi na marashi mengi. Walisimama mbele ya mtambo. Ulikuwa ukizunguka, mafuta yanachuruzika.

"Vyema," Bwana Mrisho alisema. "Vyema sana, Ausi. Nimekwisha patana na watu wa Pangani. Wana miwa mingi na vinu vyao vya ng'ombe havitoshi. Ngamia atakwenda huko. Keshokutwa tunaupakia, na wewe utakwenda nao."

Ausi alidhani hakusikia. "Bwana, ulisema nikiufanya uzunguke..."

"Nilisema vyema. Na sasa nimesema vyema. Nilikwambia jambo jingine?"

Hakumwambia jambo jingine.

Hija alitazama miguu ya Ausi yenye vumbi. "Huyu ndiye fundi? Mjomba, mtambo wa fedha zote zile anaushika mtu asiye na hata viatu?"

Usiku ule Ausi alimweleza mkewe. Alfajiri, baada ya sala, Ausi alikwenda kwa Mohamedi, akamweleza, na wakati akieleza jambo likamjia. Akanyamaza katikati ya neno.

"Nini?" Mohamedi akauliza.

"Wanachotaka si mimi. Wanataka ufunguo. Nikimwonyesha yule kijana, na ufunguo nikampa, mimi wa nini?"

Mohamedi aliweka nyundo chini. "Umpe ufunguo? Ule ufunguo? Na ujuzi wote? Ausi, hicho ndicho kitu pekee ulicho nacho duniani. Kila fundi hapa mjini ana siri yake, na wewe unataka kuigawa kama kashata?"

"Nitabaki na Mwaija."

Mohamedi alivuta ndevu zake. "Basi mfundishe, ila ficha moja. Moja tu. Usimwambie kuhusu mvuke. Akifungua na mvuke umo ndani, atakoma, watakurudia wewe, utakuwa na nguvu ya kusema."

Ausi alitembea kutoka kwa Mohamedi mpaka kinuni akilifikiria hilo. Mvuke unaofunguliwa ukiwa na nguvu humbabua mtu uso, humwacha bila ya macho. Alijiona akinyamaza, na aliona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu lisisemwe. Alipofika alipita kwanza kisimani akatawadha, ingawa udhu wake ulikuwa haujatenguka.

Hija alikuwa amekaa kwenye gunia la ufuta, anakula halua.

"Bwana mdogo, sabalkheri. Ukipenda nikuonyeshe kazi ya mtambo huu."

"Mimi? Nichafue mikono?"

"Si kazi ngumu, bwana mdogo. Iliyokuwa ngumu ni ufunguo, na ufunguo upo."

Akaukunjua kitambaani. Hija akaupokea, akaupima uzito. Kitu kizuri kina namna yake ya kumvuta mtu. Akainuka. Ausi alimwonyesha yote: kuni, maji, mafuta, chumvi inavyojijenga, bomba likwanguliwe kila mwezi. "Na kabla ya kutia ufunguo, bwana mdogo, kwanza toa mvuke. Hapa. Subiri mpaka usisikie tena mlio. Kwanza mvuke, ndipo ufunguo. Mvuke unapofusha. Nisemee wewe."

"Kwanza mvuke, ndipo ufunguo. Mimi si mtoto."

"Mara nyingine, tafadhali."

Alimsemesha mara tatu. Kisha Hija mwenyewe akatoa mvuke, akatia ufunguo, akasukuma, kizibo kikageuka. Akageuka na kucheka, meno yote nje. "Kumbe ni hivi tu! Na watu mnajitia ufundi! Mjomba! Mjomba, njoo uone!"

Bwana Mrisho akaja. Hija akafunga, akafungua tena mbele yake.

"Sasa huyu wa nini tena?" alisema, akimnyooshea Ausi ufunguo. "Atakula chakula chetu njia nzima bure. Watu wa kutia kuni Pangani wamejaa. Naweza mimi."

Neno lile lilimwingia Ausi mahali asipopatarajia. Siku zote alikuwa Ausi wa Ngamia. Watu walimjua kwa hilo. Aliinamisha uso, na wala hakuwa akiigiza.

Bwana Mrisho alimtazama muda mrefu, punje za tasbihi zikipita moja moja. "Umemfundisha yote?"

"Yote, bwana."

"Hukuacha kitu?"

"Wallahi sikuacha."

"Kwa nini?"

Ausi alihamisha uzito mguu huu kwenda ule. "Mama mkwe wangu hageuki ubavu, bwana."

"Baki," Bwana Mrisho alisema. "Nitatafuta ngamia. Mpaka apatikane, kinu utakizungusha wewe na wapagazi." Akaenda zake.

Siku ya kupakia, watu ishirini waliburura birika kwenye magogo mpaka ufukweni maji yakiwa yamejaa, na Ausi alikuwa miongoni mwao, kamba begani. Mohamedi alipita mbali kidogo, akamtazama, asimwamkie. Alikuwa bado na kinyongo cha ule ufunguo uliogawiwa. Ausi alimwona, akaendelea kuvuta. Kila mtu aliyeinua sauti, alidhani anaitwa yeye. Nahodha alipopiga kelele, alishtuka. Bwana Mrisho alipokohoa, alishtuka. Chuma cha mwisho kilipopandishwa alirudi nyuma hatua moja, na nyingine, mpaka akawa amesimama kwenye mchanga mkavu.

"Ausi!"

Alikuwa Hija, amesimama chomboni, ufunguo unaning'inia kwa uzi shingoni mwake. Mkono wake ulikuwa ukimwita.

Ausi akaingia majini, maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani. "Labeka, bwana mdogo."

Hija aliinama, akateremsha sauti ili mjomba wake asisikie. "Hivi, kwanza ufunguo halafu mvuke?"

"Kwanza mvuke, bwana mdogo. Mvuke kwanza."

"Nilijua. Nilikuwa nakujaribu."

Chombo kikasukumwa. Ausi alibaki majini mpaka wapagazi wote wakaondoka, na alipotoka hakwenda njia ya barabarani. Alipita vichakani, haraka, akikata kona, asije akaonekana na mtu mwenye neno. Mwaija alikuwa uani, akimwosha mama yake miguu. Aliinua macho, akamwona amelowa mpaka kiunoni.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda."

"Wote?"

"Wote."

"Basi nishikie hapa," Mwaija akasema, "tumgeuze."

Ausi akapiga magoti akamshika Bi Sikuzani mabegani. Mtu akapita njiani akiita jina la mtu mwingine, na mikono ya Ausi ikakakamaa. Akasikiliza mpaka sauti ikapotea, kisha wakamgeuza mama, taratibu, kwa pamoja.